Bwana Msa apewe jukwaa

Tusidanganyane: mchezo wa upelelezi hauhitaji jumba la kifahari. Niliitazama The Mousetrap ya Agatha Christie kule London, ilikoanza kuonyeshwa mwaka 1952 na bado ipo. Niliona nini? Sebule moja, waigizaji wanane, na swali: nani kaua? Mwishoni tuliombwa tusimtaje muuaji huko nje. Basi.

Mimi nakaa Buhongwa. Mtu akiniambia "watu wetu hawana subira ya tamthilia", namcheka. Aende kwenye kibanda cha video jioni. Watu wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja ana mshukiwa wake, na aliyekwisha kuiona filamu akithubutu kufungua mdomo, anazomewa. Hao ndio watazamaji wenyewe, ila hawajaletewa mchezo.

Na hadithi tunazo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, yenye Bwana Msa na kiko chake, ilichapishwa 1960. Mpaka leo sijamwona jukwaani. Vikundi vyetu vinangoja wafadhili waje na mada zao. Ngoja mpaka lini? Ombeni ruhusa kwa wenye haki, azimeni ukumbi wa shule, pangeni viti. Kiingilio nitalipa.