Tuhesabu watu, tusihesabu magari



Juma hili tunazungumza juu ya barabara. Wengine watasema barabara ni mambo ya wanaume, ya serikali na ya wenye magari. Lakini hapa Lubumbashi, ni nani anayezitumia barabara kuliko mama? Asubuhi anapeleka watoto kwenye masomo. Kutoka pale anakwenda soko, anarudi kupika, anapita Sendwe kumtazama mgonjwa, na jioni anakwenda kwenye mkutano wa kikundi. Mwenye kazi ya ofisi anakwenda mara moja na kurudi mara moja. Mama anazunguka siku nzima, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, na pesa ya njia imefungwa kwenye ncha ya kitenge.

Basi tukisikia wakubwa wanazungumza juu ya msongamano wa magari na namna ya kuuondoa, tusikae kimya.

Tuanze na swali hili: kwa nini njia zetu ni ndefu hivi? Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wakoloni waliweka mji wao upande mmoja, wakaacha uwanja mtupu katikati, na wafanyakazi weusi wakawekwa upande mwingine, mbali. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Kamalondo, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Kazi ilikuwa huku, nyumba kule. Uhuru ulikuja, lakini ramani haikubadilika sana. Ofisi, banki na maduka makubwa bado yako katikati, na watu wanaendelea kujenga pembeni. Komini ya Annexe imezunguka mji wote kama mkanda, na kila mwaka parsele mpya zinakatwa mbali zaidi. Kila nyumba ina kiwanja chake, nyumba za ghorofa ni chache. Ni vizuri kuwa na kiwanja cha kupanda mboga na cha watoto kuchezea. Lakini bei yake tunailipa barabarani.

Anayekaa Kasungami au Luwowoshi anaijua bei hiyo. Mara nyingi bisi moja haimfikishi. Anashuka, anangoja nyingine, analipa tena. Jioni ni vilevile. Dereva akiamua kukatisha njia nusu, mama anashuka na watoto wake na kuanza upya. Mwisho wa mwezi, akitoa pesa ya njia kwenye faida ya biashara yake, anaona kwamba sehemu kubwa aliifanyia bisi kazi.

Sasa tuangalie msongamano wenyewe. Mji wa Münster, kule Ujerumani, ulipiga picha iliyojulikana duniani kote. Walichukua watu 72 na kuwaweka katika barabara ileile mara tatu. Mara ya kwanza walikuwa na baisikeli zao 72. Mara ya pili walikuwa wa kujaza bisi moja kubwa. Mara ya tatu waliwekwa pamoja na magari 60, maana kwa kawaida gari dogo linabeba mtu mmoja, pengine wawili. Magari yale yalijaza barabara nzima. Baisikeli zilichukua sehemu ndogo, na bisi ikachukua sehemu ndogo zaidi. Watu ni walewale 72, na barabara ni ileile.

Kwa hiyo, unapokaa katika bisi iliyosimama, huku jua linawaka na mtoto analia, angalia mbele yako. Utaona magari mengi, lakini watu ndani yake ni wachache. Katika bisi yako mmebanana kama samaki katika kopo, nanyi mnangoja nyuma ya gari lenye mtu mmoja. Na kando ya barabara kuna wengi kuliko ninyi nyote: wanaotembea kwa miguu katika vumbi, kati ya mfereji na magurudumu.

Dawa inayotajwa kila mara ni moja: tupanue barabara. Tunaelewa. Barabara yenye mashimo inaumiza kila mtu, hata mgonjwa anayepelekwa hospitali usiku. Lakini kutengeneza si sawa na kupanua. Angalieni Kinshasa. Miaka ya 2009 na 2010, Boulevard du 30 Juin ilipanuliwa na miti yake ikakatwa. Kwa mtu wa miguu, kuivuka ikawa kazi ya kuomba Mungu. Na magari? Barabara pana iliita mengine mengi, na leo yanasimama palepale. Mwisho wa mwezi wa kumi 2024, wakubwa wa Kinshasa walijaribu dawa nyingine. Barabara kadhaa kubwa zilipaswa kwenda upande mmoja tu kwa saa fulani, asubuhi kuelekea katikati ya mji, jioni kurudi mitaani. Malalamiko yakawa mengi, maana aliyetaka kwenda upande wa pili alibaki bila bisi, na wengi wakatembea kwa miguu. Mpango ule uliangalia mwendo wa magari, haukuangalia mwendo wa watu.

Kuna miji iliyojaribu kwa namna nyingine. Dar es Salaam, ambako mizigo mingi ya soko zetu inapitia, ilianza mwaka 2016 bisi kubwa zinazoitwa mwendokasi. Zimetengewa njia yake katikati ya barabara, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na gari la mtu binafsi haliruhusiwi kuingia humo. Hatusemi kule ni paradiso. Watu wanalalamika kwamba bisi ni chache na zinajaa kupita kiasi, na mvua kubwa ikifurika pale Jangwani, safari zinasimama. Lakini wazo lenyewe ni la haki: bisi yenye watu wengi isingoje nyuma ya gari la mtu mmoja.

Na kuna Uholanzi. Leo watu husema Waholanzi walizaliwa na baisikeli. Si kweli. Baada ya vita kuu ya pili walinunua magari mengi na kuyapa barabara zao. Mwaka 1971, watu karibu 3,300 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakachoka kuzika. Wakaunda chama kilichoitwa Stop de Kindermoord, maana yake "Acheni kuua watoto". Mmoja wa viongozi wake wa kwanza alikuwa mama kijana, Maartje van Putten, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la Ulaya. Hawakuanza na mambo makubwa. Walifunga barabara ya mtaa kwa siku moja, wakatoa meza nje, wakala pamoja, na watoto wakacheza pasipo hofu. Leo, katika Uholanzi, zaidi ya robo ya safari zote zinafanywa kwa baisikeli. Nguvu ya kwanza ilitoka kwa wazazi waliokataa kusema "ni ajali tu."

Kwetu hapa, baisikeli si kitu kigeni. Ile tunayoiita kinga imelisha mji huu miaka mingi. Makala tunayopikia, mengi yanaingia mjini juu ya baisikeli, mifuko imepangwa mpaka mwenyewe haonekani, akisukuma kilometa nyingi kutoka kijijini. Anapita kando ya malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, na hana hata nusu meta iliyo yake. Tunamsikitikia, tunanunua makala yake, lakini hatujauliza bado: kwa nini huyu anayebeba moto wa jiko la mji mzima hana nafasi barabarani?

Na wasichana wetu? Baisikeli nyingi tunazoziona zinaendeshwa na wanaume. Binti anatembea saa nzima kwenda kwenye masomo, huku kaka yake anafika kwa robo saa. Tukimfundisha binti kuendesha, tunamrudishia saa za kusoma na za kupumzika. Lakini hatuwezi kumtuma katikati ya malori. Njia ya usalama iwepo kwanza.

Tunajua kwamba kuna mama atakayekasirika akisoma haya. Ni yule aliyeweka akiba miaka mingi, akaingia likelemba, akanunua teksi moja, na teksi hiyo ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Mama, hatupigani na wewe. Gari ni kitu cha lazima kwa mgonjwa, kwa mzigo mkubwa, kwa mzazi anayeshikwa na uchungu usiku. Lakini fikiri kidogo. Teksi yako ikikaa saa nzima katika msongamano, mafuta yanaungua na abiria hakuna. Siku watu wengi watakapopata bisi nzuri na njia ya miguu, wewe ndiwe utakayepata barabara wazi.

Kabla ya kufikia hayo yote, kuna jambo la leo leo, la kulinda watoto. Bisi ndogo nyingi tunazopanda zilitengenezwa kwa nchi zinazoshika kushoto, kama Japani. Usukani wake uko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunashika kuume. Kwa hiyo bisi kama hiyo ikisimama kando, mlango wake unafunguka upande wa katikati ya barabara, pale moto na magari yanapopita. Tufanye hivi:

Mama ashuke kwanza, atazame nyuma na mbele, ndipo amshushe mtoto akiwa amemshika mkono. Mtoto asiruke peke yake, hata kijana wa mlangoni akipiga kelele "haraka, haraka". Mkishuka, msivuke mbele ya bisi, maana dereva anayeipita hawaoni. Ngojeni iondoke, muone barabara yote, ndipo mvuke. Na watoto wanaokwenda peke yao, tuwafundishe hivyo mara nyingi, mpaka miguu yenyewe izoee.

Hayo ni ya nyumbani. Ya kikundi ni haya: tuhesabu. Wakubwa wanapopanga barabara, wanahesabu magari. Nani amewahi kuhesabu watu? Tunaomba kila kikundi kichague barabara moja mbaya, ile mnayoiogopa kwa ajili ya watoto. Siku moja ya kazi, kutoka saa moja asubuhi mpaka saa mbili, wamama wanne wakae kando, mahali pa usalama. Wa kwanza ahesabu wanaotembea kwa miguu. Wa pili ahesabu baisikeli na watu walio juu ya moto. Wa tatu ahesabu bisi na teksi, na akadirie watu walio ndani. Wa nne ahesabu magari ya watu binafsi, na watu waliomo. Asiyeandika haraka achukue bakuli na maharagi: kila watu kumi, haragi moja. Baada ya saa moja, hesabuni maharagi.

Hesabu hiyo muilete kwenye mkutano wa shirika. Tutaziweka zote pamoja na kuandika barua moja kwa meya na kwa wakubwa wa komini. Barua haitaomba mambo ya ajabu. Itaomba njia ya miguu kando ya kila barabara inayotengenezwa, na mfereji ufunikwe ili watu wapite juu yake. Itaomba mahali pa kuvukia palipopakwa rangi mbele ya kila masomo, na kizuizi cha kupunguza mwendo. Itaomba bisi kubwa kwa mitaa ya mbali, zinazofika mpaka mwisho wa njia na kwa bei moja inayojulikana. Na pale ambapo barabara ni pana ya kutosha, sehemu ya baisikeli itengwe, na malori yasiingie humo.

Watatujibu kwamba pesa hakuna. Inawezekana. Lakini rangi ya kuvukia, kizuizi cha mwendo na njia ya miguu havilingani kwa bei na barabara mpya. Na kama pesa ya kupanua barabara kwa ajili ya magari inapatikana, tuna haki ya kuuliza sehemu ya miguu iko wapi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja akilalamika katika bisi, watu watacheka na dereva ataongeza sauti ya muziki. Vikundi vingi vikifika pamoja, na hesabu mkononi, itakuwa vigumu kusema hawakutuona.

Leteni hesabu zenu kabla ya mwisho wa mwezi. Tutazichapa hapa, mtaa kwa mtaa. Amani kwa nyumba zenu, na watoto wote wafike salama.