Mbegu ya Bankambo Si Aibu

Kuna watu wa masomo wanaosema mbegu za bankambo ni za umaskini, zitupwe. Siye tunakataa. Udongo mwekundu wa huku Katanga una asidi nyingi na fosforasi kidogo. Mbegu nyingi za kisasa zilichaguliwa katika mashamba yenye mbolea; bila mbolea zinadhoofika. Na ni mkulima gani wa kijijini anayepata mbolea kila mwaka?

Tuangalie mpunga. Mwaka 2012 watafiti walitangaza jeni waliyoiita PSTOL1, inayosaidia mizizi kukua mapema na kukamata fosforasi. Waliipata wapi? Katika Kasalath, mpunga wa kienyeji wa India. Mipunga mingi ya kisasa haina jeni hiyo.

Hatusemi mbegu ya zamani inashinda zote, wala kwamba udongo hauhitaji kulishwa. Lakini mtama na ulezi ambao mama zetu wanachagua kila mavuno na kutundika juu ya moshi, ile nayo ni elimu. Njo maana tunamwambia bwana agronomo: kabla ya kuleta mbegu mpya, uliza kwanza ya nyumbani. Ikipotea, hakuna duka la kuinunua.