Alama moja au mbili, tofauti ni kubwa

Naomba nieleze jambo kwa wanaoanza Java. Ukiandika jina != null && jina.length() > 3, Java ikikuta upande wa kushoto si kweli, haigusi kabisa upande wa kulia. Ukiweka & moja, pande zote mbili hupimwa, na jina likiwa null programu inakwama kwa NullPointerException. Niliwahi kukesha usiku mzima kwa kosa hilo! Kwa namba kamili, & hulinganisha biti kwa biti: 6 ni 110, 3 ni 011, kwa hiyo 6 & 3 ni 010, yaani 2. Alama | inatoa 7, na ^ inatoa 5. Chukueni karatasi mziandike biti hizo kwa mkono, zitawakaa kichwani.