Mshauri Ajichunguze Kwanza

Tunapinga mazoea ya kumtuma mtu akashauri ndoa za wenzake kwa sababu tu ana cheti cha semina na umri mkubwa. Hapa Kate hatumpi mtu maksai akalime shamba la jirani kabla hatujamwona akiwaongoza. Mbona nyumba za watu tunazikabidhi upesi hivyo?

Semina humfundisha mshauri kusikiliza, kuuliza na kutunza siri. Ni vema. Lakini mwanamume aliyekua akiona mama yake akipigwa na watu wakinyamaza, anaweza kumwambia mke aliyepigwa, "Vumilia, mwanangu," akidhani anahubiri Injili. Mama aliyetelekezwa anaweza kumhukumu kila mume kabla hajafungua kinywa. Hawana nia mbaya, hawajijui. Anayeumia ni yule aliyekuja kuomba msaada.

Wengine husema Kitubio kinatosha. Kitubio huondoa dhambi, lakini jeraha la utotoni si dhambi, wala hakuna anayeliungama.

Kanisa linalijua jambo hili. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alifundisha kujichunguza kila siku. Mwaka 1992 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis, aliyaweka malezi ya kiutu kuwa msingi wa malezi yote ya padre. Hata nje ya Kanisa Katoliki, mwaka 1925 huko Marekani, mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafunza wanateolojia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika mafunzo yaliyotokana na kazi hiyo, mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa, kisha huyapitia pamoja na mlezi wake.

Wala hili si la sakristia tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali chache, mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, na jumuiya za dini zaweza kuwa na mabaraza yao.

Kwa hiyo tunadai kila mshauri mwanafunzi awe na daftari. Baada ya kila kikao aandike, bila majina: Nini kilinichoma? Nilimpendelea nani? Neno gani lilitoka kwenye maisha yangu, si kwenye shida yao? Kila mwezi aketi na mlezi wayasome. Asiyekubali, tusimpe kazi hiyo. Cheti kinaonyesha alihudhuria. Ushauri wenyewe anaanza kujifunza siku anapojisoma.