Kamera iliyorudi baada ya miaka 20

Ndugu mwandishi, umesifu ujasiri wa wahusika wa filamu mbili za hali halisi kuhusu watu wenye kimo kifupi sana. Mimi namsifu zaidi mtengenezaji kwa subira yake. Jan Krawitz alitengeneza filamu ya Little People pamoja na Thomas Ott huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akawarudia baadhi ya watu walewale katika Big Enough, 2004. Umri umesogea, na mazungumzo sasa ni ya ndoa, kazi na watoto. Hapo ndipo filamu inapokolea. Maana wazazi wote wawili wakiwa na akondroplasia, hali ya kijeni inayosababisha ufupi huo wa kimo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atarithi jeni yenye hitilafu kutoka pande zote mbili, na watoto hao kwa kawaida hufariki wakingali wachanga. Mapenzi ya watu wanaoingia kwenye ndoa wakilijua hilo hayahitaji muziki wa kuchochea machozi, ambao televisheni zetu zingeumimina kama nazi kwenye wali. Ila kuziita “filamu za kundi dogo” sikubaliani nawe: takriban watoto wanane kati ya kumi wenye akondroplasia huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida.