Mapambo ya Magurudumu na Amana ya Abiria

 

Ndugu zetu katika imani, bonde letu la Kilombero limebadilika. Wazee wanakikumbuka kivuko na foleni yake, na hakuna aliyesahau Januari 2016, kilipopinduka mtoni. Mei 2018 likazinduliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na baadaye ikaja lami ya kutoka Kidatu mpaka Ifakara, takribani kilomita 67. Hizi ni neema, na neema huulizwa. Barabara iliyokuwa ikimlazimisha dereva kwenda taratibu kwa mashimo na tope sasa inamwita aongeze mwendo.

Pamoja na lami yamekuja magari ambayo zamani yaliishia Morogoro mjini. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, vijana wetu hununua Altezza, Mark II na Subaru, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kung'oa magurudumu yaliyokuja na gari na kuweka rimu za spoti, pana na zenye kung'aa. Siku ya Ijumaa huziona zimepangwa mbele ya msikiti, na watoto wetu wa madrasa huzihesabu badala ya kuingia safu.

Tumeulizwa mara kadhaa: je, jambo hili ni haramu? Wapo wenzetu ambao hawakungoja swali, wakasimama na kuharamisha. Hatukubaliani nao. Asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza, na katika Suuratun-Nahl, aya ya 8, Allaah ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia kuwa ni pambo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, katika Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'uud na kuipokea Muslim, hakumlaumu, alibainisha kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kijana akipamba gari lake kwa mali ya halali, bila ya deni la riba na bila ya majivuno, hatuna njia ya kumkemea.

Neno letu ni juu ya mpangilio. Wanazuoni wa Usuul, na mashuhuri wao katika mlango huu ni Ash-Shaatibiy katika Al-Muwaafaqaat, wamezigawa maslahi katika daraja tatu: yale ya lazima ambayo bila yake uhai na dini huharibika, kisha yale ya haja, kisha yale ya kupendezesha. Rimu inayong'aa ni katika daraja la tatu. Tairi linaloishika ardhi wakati breki inapokanyagwa ni katika daraja la kwanza, kwa kuwa ni hifadhi ya nafsi. Vijana wetu wamezigeuza daraja hizi juu chini: fedha yote inakwenda kwenye rimu, na kwa tairi hutafutwa lolote litakaloingia.

Tutaje kisa ambacho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Baada ya mavuno ya mwaka 2024, kijana mmoja wa jamaa zetu, ambaye tumemfundisha tangu Juzuu 'Amma, alikwenda Dar es Salaam na Altezza yake, akarudi na rimu nne za inchi 18 zikiwa na matairi ya mtumba. Wiki ya tatu alikuwa akimleta mama yake kutoka Mang'ula. Karibu na Kiberege tairi la mbele likapasuka, gari likaacha njia na kuingia katika jaruba la mpunga. Mama alivunjika kiganja. Alhamdulillaah, hapakuwa na mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli mahali pale, nasi sote tunajua namna ukingo wa barabara ile unavyojaa watu jioni.

Tulipolitazama tairi lile pamoja na fundi wa pancha tulijifunza ambayo hatukufunzwa vyuoni. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile liliandikwa 1109, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2009. Lilikuwa na umri wa miaka 15. Mpira wake ulikuwa na nyufa ndogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na kashata zake hazikuwa za kiwandani: zilichongwa kwa kisu cha moto, kisha tairi likapakwa rangi nyeusi likaonekana jipya.

Hapa tuseme wazi na wauzaji, kwani miongoni mwao wamo wanaosali nasi. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abuu Hurayrah kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, na akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Sisi watu wa mpunga tunaielewa Hadithi hii kuliko wengi. Tunajua gunia lililochanganywa unyevu. Tairi lililochongwa na kupakwa rangi ni lundo lile lile. Aliyeuziwa aibu iliyofichwa ana khiyaari ya kurudisha na kudai fedha yake, na muuzaji hasalimiki kwa kusema "mtumba hauna dhamana". Kijana wetu alimpigia muuzaji wake, na jibu alilopewa lilikuwa ni hilo hilo.

Ama kwa mnunuzi, kutojua kusiwe mto wa kulalia. Wasomaji wazee watuwie radhi kwa hesabu zifuatazo. Tairi lililoandikwa 195/65R15 lina upana wa milimita 195; urefu wa ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127 hivi; na linavaa rimu ya inchi 15. Kijana akipanda mpaka inchi 18, ubavu lazima upungue ili gurudumu zima libaki na kimo kile kile, la sivyo kipima mwendo kitasema uongo na tairi litasugua bodi. Tairi la 225/40R18 huhifadhi kimo kwa karibu sana, lakini ubavu wake ni milimita 90 tu. Ubavu ndio mto wa gari. Katika lami laini hutaona tofauti. Geuka kuelekea Mlimba au Malinyi, uingie shimo moja lililojaa maji, na chuma kitapokea pigo ambalo zamani lilipokewa na mpira. Rimu ya chuma cha kawaida hupinda, na fundi huinyoosha kwa nyundo. Rimu ya alumini hupasuka.

Tena kuna matundu ya nati. Altezza na Mark II zina nati tano katika duara la milimita 114.3, ilhali Subaru Impreza nyingi zina tano katika duara la milimita 100. Tumesikia fundi akijisifu kuwa "analazimisha". Anachokilazimisha ni nati kushika kwa pembe, na nati iliyoshika kwa pembe hulegea safarini. Tundu la katikati nalo likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, lataka pete ya kuziba nafasi, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho hakuna anayekinunua kwa sababu hakionekani. Na pembeni mwa ukubwa wa tairi huandikwa namba ya uzito: 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa kila tairi. Aulize nafsi yake mwenye gari anayewapakia watu watano na magunia ya mchele nyuma.

Baada ya ajali ile watu walisema yale yanayosemwa kila siku: ajali ni kazi ya Mungu. Tunaiamini Qadari, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini tunawakumbusha kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 huko Brunei, Juni 1993, liliamua kuwa kuzifuata sheria za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisharia, na kuwa dereva hubeba dhamana ya madhara anayowafikishia wengine, isipokuwa kwa nguvu iliyomshinda ambayo hakuweza kuizuia wala kujikinga nayo. Je, tairi la miaka 15 ni nguvu isiyoweza kuzuiwa? Lilikuwa likisomeka. Na lau mama yule angefariki, mwanawe angekabiliwa na dia na kafara ya Suuratun-Nisaa, aya ya 92, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo.

Wala tusiwatupie vijana peke yao. Sisi wenyewe, walimu na kamati za misikiti, hukodi Coaster kwenda ijitimai, maziko na nikahi, tukapatana bei kwa saa nzima, na hakuna hata mmoja wetu anayeinama kutazama tairi. Tuliwahi kupanda milima ya Mahenge na wanafunzi wetu katika gari ambalo matairi yake ya nyuma yalikuwa vipara, wakati wa masika. Tuliliona tulipofika. Tulisoma dua ya safari, na tulikuwa tumeacha kumfunga ngamia.

Ombi letu kwa kamati ni dogo: kabla ya kukodi, ateuliwe mtu mmoja asome tarakimu nne za kila tairi na kutazama kina cha kashata. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho wa tairi. Kwa mvua za huku kwetu, sisi tungeliondoa mapema zaidi. Na kijana atakaye kupamba, anunue kwanza matairi manne mapya, abakize fedha, kisha atazame kama rimu bado anaihitaji. Asikope kwa wale wa kausha damu. Riba kwa ajili ya pambo ni msiba juu ya msiba, na tunao wanaodaiwa hivyo huku ada za watoto wao madrasa zikiwa hazijalipwa toka Ramadhaan.

Kijana wetu amerudisha magurudumu ya zamani na kununua matairi mapya. Zile rimu nne zimeegemezwa ukutani nyumbani kwao. Moja ilipasuka siku ile. Fundi ameichomelea na kuipaka rangi, na jicho haliwezi kuijua. Alikuja kutuuliza baada ya Alasiri: akipata mteja, je, analazimika kumwambia? Tulimjibu kuwa analazimika, tena kabla ya kutaja bei. Alikaa kimya kwa muda, akasema bei itashuka sana. Tukamwambia ndiyo, itashuka. Mpaka tunaandika haya wamekuja wateja wawili. Wote ameionyesha ile rimu, na wote wameondoka.