Harufu ya Petroli Garini

Huenda baadhi yenu wakastaajabu kuona ukurasa huu wa mambo ya nyumbani ukisema habari za motokaa. Lakini gari lichukualo watoto ni sehemu ya nyumba, nasi tunalo jambo la kukiri.

Hapa Ruaha, wilayani Kilosa, tunayo Land Rover fupi ya mwaka 1968, kuukuu lakini yenye nguvu. Kwa miezi kadhaa ilinuka petroli ndani, nasi tukifungua madirisha na kusema kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Tena petroli ilikuwa ikipungua usiku. Twajaza tangi Mikumi, twarudi kwa njia ya Kidodi, twaliegesha gari mteremkoni nyuma ya nyumba. Asubuhi mshale umeshuka. Na asubuhi ile ndipo kijana wa jirani alipokuja kuliosha. Hatukumwambia neno, tulimwachisha tu. Mtaani, kunyamaza kwetu kulifahamika.

Kilichotuzindua ni mtoto wetu mdogo kutapika njiani kwa harufu ile. Ndipo tulipokumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Na katika Hadithi alizozikusanya Bukhari imo habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku na watu wake wakiwamo, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala.

Wengi wetu twaipima petroli kwa mafuta ya taa tuliyoyazoea, na hilo ni kosa. Mafuta ya taa yakiwa baridi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli huutoa hata penye barafu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya viti, na cheche moja ya waya wa betri yatosha.

Basi tulilitoa gari uwanjani mchana, injini ikiwa imepoa, tukafungua waya za betri, tukawafukuza wavuta sigara. Tulianza na kabureta: kavu. Tukanusa kijiti cha kupimia oili, kwani utando wa pampu ukitoboka petroli huingia injinini: si hapo. Tulipoteza siku mbili kwa ukaidi wa kushuku injini, ilhali harufu yenyewe ilikuwa imekwisha kutuonyesha njia. Ilizidi tangi lilipojaa, ikatoweka lilipofika nusu. Kitu kilichotoboka kilikuwa juu.

Katika gari hili tangi liko chini ya kiti cha dereva, na mdomo wa kujazia uko ubavuni. Baina yao pana mpira mnene. Tulijaza tangi, tukapaka chaki kavu juu ya mpira ule na viungo vyake. Baada ya saa moja chaki ya upande wa chini ilikuwa imelowa. Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee, na petroli ilidondoka mchangani usiku kucha, ikakauka kabla ya jua kupanda.

Mpira mpya ulikuwa kazi ya nusu saa. Baada ya Alasiri tulikwenda kwa yule kijana, mbele ya baba yake na majirani waliokuwa wakitutazama siku zote zile, tukasema tulichokidhania na tulichokiona. Alitusamehe. Kazi yetu hakuitaka tena. Amepata kibarua katika mashamba ya miwa. Gari sasa twaliosha wenyewe.